Moshi Kwenye Pakanga

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Tena mvua. Na mimi pua imeziba kabisa.

Kichekesho cha mwaka: mkuu wa banda la kukaushia, mtu ambaye ushirika mzima unamwita Pua, hasikii harufu ya chochote! Asubuhi wifi alikata kitunguu akanishikia usoni. Machozi yalitoka, harufu hakuna. Alicheka mpaka akashika mizani asianguke. Huyo ndiye mpima uzito wetu — mdogo wake mume wangu, mdomo wake haujui likizo.

Lakini hali si ya kuchekesha. Mavuno makubwa ya pakanga, mmea wetu wa dawa ya homa, yameingia Ijumaa, mabichi, na jua likatoroka siku hiyohiyo. Bila jua feni zetu za sola haziendi. Trei zote zimejaa majani yamelala, laini, yananata kidogo ukiyashika. Nimeyageuza asubuhi, nimeyageuza mchana, nimeyabembeleza. Yakiendelea hivi yataota kuvu. Pakanga ikishaota kuvu si dawa tena, ni takataka.

Na mkaguzi wa kampuni anakuja wiki ijayo! Mzigo huu wa kwanza ukitimia uzito na ukipita, kiwanda cha kukamulia dawa kinajengwa hapa kwetu. Usipopita, kinakwenda kwa wenzetu wa ng'ambo ya mto. Nasikia wameshafyeka kiwanja, hao wenye haraka. Magunia tuliyokausha kabla ya mvua ni mazuri, ila peke yake hayafiki popote.

Mume wangu ndiye mwenyekiti. Amewaahidi watu ajira, hata watu ambao hawakumwomba. Vijana wamerudi kutoka mijini, wamekaa barazani kwa wazazi wao wanangoja hicho kiwanda. Nimemwambia ahadi ni deni. Ananijibu: wewe kausha tu.

Kausha kwa kutumia nini? Pumzi?

Kichwa kinagonga. Naenda kulala.


Jumatano, 5 Novemba

Kitandani. Homa.

Mama mkwe amekuja mwenyewe na sufuria yake. Nikamwambia sina kitu, Mama, ni mafua tu. Akasema: mficha maradhi, kifo humuumbua — inama. Akanifunika blanketi nikajifukiza pakanga hadi nikaona nimeiva mimi.

Ajabu kuwa naye chumbani. Tangu niolewe hapa, Mama na mimi tunaishi kama majirani waliowahi kugombania mpaka wa shamba. Salamu nzuri, habari za asubuhi, chai, basi. Banda langu analiita hoteli ya majani. "Yameamkaje wageni wako?" ananiuliza. "Wamepigiwa feni vizuri?" Simlaumu sana. Miche ya kwanza ya pakanga ilitoka nyuma ya nyumba yake. Watu walikuwa wanakuja kwake na homa zao zamani, kabla ya ushirika, kabla ya kampuni, anawafungia fungu lao wanaondoka. Leo mimi nimekuja na trei za wavu na sheria: osheni mikono, viatu mlangoni, majani yasiguse chini, kuku marufuku. Hata yeye nilimvulisha viatu. Hajasahau.

Aliniuliza majani yanaendeleaje. Sikuwa na nguvu ya kupamba. Nikamwambia yanaoza, Mama. Kila kitu kinaoza.

Halafu akatoka, hata sufuria yake ameiacha hapa.


Alhamisi, 6 Novemba

Wifi amepita dirishani. Nisiamke, nisiwe na wasiwasi, mambo yamepata wenyewe. Mambo gani? Wenyewe akina nani? Pona kwanza, anasema, na kukimbia na mwavuli wake uliovunjika mbavu.

Mvua.


Jumamosi, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi!

Nimejikokota hadi bandani asubuhi. Trei tupu. Zote! Moyo ulinidondoka. Nikajua wameyamwaga. Nikakimbilia stoo — na pale nikasimama kama mjinga. Magunia. Magunia mpaka kwenye boriti, yamejaa, yameshonwa. Nikafungua moja, nikaingiza mkono. Makavu! Yanavunjika vidoleni kwa ule mlio mdogo ninaoupenda kuliko muziki.

Ni Mama. Siku ileile aliyotoka kwangu alizunguka nyumba kwa nyumba kwenye mvua, akawakusanya wanawake wote wa ushirika. Kila mmoja amebeba majani kwenda kwake, wameyakausha, wameyarudisha, wameyashona. Wifi anasema Mama alikuwa akitoa amri kama jemadari, na mtu akikaa anaulizwa kama amekuja kuzaa.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, mikono kifuani, anajifanya hana habari. Bila viatu! Amevivua mwenyewe. Nilimkumbatia mbele za watu. Nikamwambia Mama, umetuokoa. Akasema siyo mimi, ni wewe uliyetufundisha kwamba kuvu ndiyo adui. Kisha akachota konzi ya majani akanisogezea. Nusa, mkwe wangu.

Nikanusa. Pua bado ukuta mtupu. Lakini wanawake wote wananitazama, na yeye ananitazama, na majani ni ya kijani na makavu kama nilivyoyaota.

Nikasema: "Safi, Mama. Safi kabisa."

Vigelegele! Nikachukua muhuri wa banda nikapiga kila gunia, moja baada ya jingine, na Mama ananishikia kidau cha wino. Mume wangu alipofika alinikuta na wino hadi viwikoni. Amecheka leo. Muda mrefu sijamwona akicheka.


Jumapili, 9 Novemba

Nimeamka nasikia harufu ya sabuni. Sabuni! Halafu ya mto wa kulalia, ya udongo uliolowa, ya shati la mume wangu linalotaka kufuliwa. Pua imerudi. Nikasema ngoja niende stoo nikaonje ushindi wangu.

Nilipofungua mlango nilidhani pameshika moto. Nilizunguka stoo nzima natafuta unawaka wapi.

Hakuna moto. Ni magunia.

Nimefungua moja. Kwanza uchungu wa pakanga, ule wa kupanda hadi kwenye macho. Halafu nyuma yake, jiko. Kuni. Masizi. Nikafungua la pili, la tatu. Hili kuni mbichi, lile mkaa, lile pale limeanikwa karibu na mtu aliyekuwa akikaanga samaki. Kila gunia ni jikoni kwa mtu. Ningeweza kukaa pale nikataja majina.

Wameyakausha kwenye vichanja juu ya meko! Bila shaka. Watu hapa wamekausha wapi dawa ya nyumbani tangu enzi na enzi? Mbona Mama analisema kila siku: dawa isiyoonja moshi haijaiva. Nimelisikia tangu niolewe, naitikia ndiyo Mama, linapita. Nikawafundisha kuhusu kuvu, kuku, udongo, mikono michafu. Moshi sikuutaja hata siku moja. Haukunijia akilini. Moshi kwetu ni kama hewa, nani anamwonya mtu kuhusu hewa?

Na kampuni ilisema wazi, siku ya kwanza kabisa: moshi hapana. Masizi yanang'ang'ania jani, jani likikamuliwa yanaingia kwenye dawa, na dawa inaingia kwa mgonjwa. Maabara yao itayaona tu.

Haya ya moshi ndiyo mengi. Na yote yana muhuri wangu. Mimi, Pua! Nimekaa juu ya gunia nikalia, halafu nikainuka upesi nisije nikalilowesha. Ujinga wa mazoea.


Jumanne, 11 Novemba

Jana nilijaribu kujidanganya kwamba upepo utayatoa harufu. Nilifungua madirisha. Hakuna kitu.

Leo mume wangu amenikuta stoo, nimepiga magoti, nanusa gunia moja moja na kuweka kando yale ya juani. Akasema: "Umekuwa mbwa wa polisi?" Nikamwambia karibu, nusa na wewe. Akanusa. Akakaa chini palepale.

Tumegombana kwa kunong'ona, maana wifi alikuwa chumba cha mizani na ukuta ni wa mbao tu. Nikasema tumpigie simu mkaguzi, tumweleze, tuombe muda tuvune tena jua likitulia. Akasema muda haupo, wa ng'ambo wanasubiri tuteleze tu. Nikasema hii ni dawa, kuna mtu ataimeza. Akasema moshi kidogo haujaua mtu, mimi nimekunywa dawa ya moshi ya Mama utoto wangu wote, nitazame.

Nilimtazama. Nikamwambia kila asubuhi unakohoa.

Hakucheka. Akasema, tena taratibu, na hilo ndilo lililoniuma: nitawaambia nini wale vijana? Kwamba mke wangu alikuwa na mafua?

Wifi akaingia. Kumbe alisikia yote. Alifunga mlango nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutania.

Basi wamepanga. Magunia ya juani mbele, ya moshi nyuma, mpaka ukutani. Mkaguzi hufungua machache ya mbele, anachota sampuli, anaondoka. Sikukubali. Lakini sikukataa. Nilinyamaza, na mume wangu akanishika bega kama mtu aliyeitikiwa.

Kitu kimoja tulikubaliana sote watatu bila kubishana: Mama asijue. Akijua kwamba ndiye aliyeharibu mzigo, tutamzika. Wifi alisema hivyo, na mimi nikaitikia haraka kuliko wote. Siku hizi ananiita kutoka uani kwake, "Mkwe wangu, umeamkaje?", sauti hadi barabarani. Nyumba nzima tangu zamani ilikuwa inasubiri sauti hiyo. Nani ana moyo wa kuizima?


Jumatano, 12 Novemba

Tumehamisha magunia. Mimi nanusa, wao wanabeba. Hili mbele. Hili nyuma. Hili nyuma. Hili nyuma. Kazi ya pua yangu siku hizi ni hiyo: kuficha.

Mgongo unaniuma na nina hasira na kila mtu. Na mvua. Na kampuni na maabara yake. Na mume wangu, ambaye nampenda, na ambaye leo amebeba gunia begani huku akipiga mluzi! Na mimi zaidi ya wote. Ningesema tu Jumamosi ile: Mama, pua yangu haifanyi kazi, ngoja. Maneno hayo yangenipunguzia nini?

Jioni Mama amekuja na gauni lake la kitenge, lile la harusi ya wifi, limepigwa pasi. Anataka kujua kama linafaa kumpokea mgeni kesho. Ameandaa hata maneno. Atamweleza mkaguzi jinsi wanawake walivyohangaika, maana mambo kama hayo, anasema, wanaume husahau kuyataja.

Mume wangu akarukia: Mama, kesho wewe pumzika nyumbani. Ni mambo ya karatasi tu. Utachoka bure.

Mama akamwangalia. Kisha akaniangalia mimi. Akauliza, "Na wewe unaonaje?"

Nikasema: "Pumzika, Mama."

Akalikunja gauni lake polepole, pindo kwa pindo, akaliweka begani. "Sawa," akasema. "Nyinyi ndio mnaojua." Akaenda zake. Aliniaga mume wangu tu. Yaani alimuaga mume wangu tu, mimi hakuniaga. Naandika ovyo.

Sikutaka kumwumiza. Angalia sasa.


Alhamisi, 13 Novemba

Asubuhi. Jua kali! Leo ndipo linakuja, linatoa meno. Laiti ningekuwa na kitu cha kulirushia.

Mume wangu amevaa koti. Wifi amefagia stoo, akafagia tena palipofagiliwa. Mimi sijaweza kumeza hata chai. Gari linaingia.

—

Naandika chumba cha mizani, nimesimama, karatasi juu ya sahani ya mizani. Nimetumwa muhuri.

Mkaguzi ni mtu mfupi, mpole, wa maneno machache. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanawa mikono, akaifuta kwa kitambaa chake. Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Amefungua ya mbele. Amechota, ametandaza kiganjani, amenusa, amefunga. La pili hivyohivyo. La tatu. Kila akiinama mimi naacha kupumua. Upepo ukipita ninausikia ule moshi wa nyuma waziwazi, kama mtu anayekohoa makusudi. Yeye hausikii, au anadhani unatoka nje. Ameuliza, kwa heshima tu, tuliwezaje kukausha na mvua ile. Mume wangu: "Tulijitahidi." Mkaguzi akatikisa kichwa, akasema rangi ni nzuri, kazi ni nzuri, wakubwa wake watafurahi. Akatoa karatasi. Sahihi ya mwenyekiti hapa, muhuri wa banda hapa.

Mume wangu ametia sahihi. Akanigeukia, uso umemlegea kama mtu aliyetoka shimoni. Kalete muhuri, mke wangu.

Nimeushika hapa. Nilisema nitasimama kidogo tu nivute pumzi, niandike mstari mmoja —

Hodi!

Ni sauti ya Mama.

Ameingia stoo. Namwona kwenye ufa wa mbao. Gauni la kitenge. Ameleta hata kile kidau cha wino.

Anamkaribisha mgeni. Anaomba radhi kwa kuchelewa, watoto wake walimwambia apumzike, lakini atapumzikaje na mgeni yuko hapa? Mume wangu anasema Mama, tumeshamaliza. Mama hamsikilizi. Anatazama magunia yaliyofunguliwa, anashangaa. "Mbona mmemfungulia haya? Haya ni ya juani, ya mwanzo. Yale yetu yako wapi?"

"Mama," wifi anasema, "ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Mbona mmeyarundika huko nyuma kama ya kuibwa?"

Gunia linaburutwa. Analiburuta mwenyewe, nasikia anavyohema. Hakuna anayemsaidia na hakuna anayethubutu kumzuia. Uzi unakatwa.

"Haya, mwanangu. Haya ndiyo yenye nguvu. Kila mama aliyaanika jikoni kwake, juu ya meko, tunapokezana kuchochea moto ili yasilale. Mimi mwenyewe macho yaliniuma. Nusa."

Mkaguzi anachota, anasogeza puani.

"Juu ya meko?" anauliza mkaguzi. Polepole sana.

"Juu ya meko. Yameiva."

Namwona mume wangu. Anatazama miguu yake. Mkaguzi ana konzi ya majani mkononi, anaitazama tu, na Mama anaanza kuhisi kitu, maana sauti yake imepanda kidogo, kama mtu anayejitetea bila kujua ameshtakiwa nini.

"Usiniamini mimi, mimi mzee tu. Yupo mkwe wangu. Huyo hadanganyiki, ndiye pua ya ushirika huu. Aliyanusa mbele yetu sote, akasema safi kabisa, akapiga muhuri. Mwiteni aje amwambie mgeni."

"Ametoka," anasema mume wangu. Upesi. "Amekwenda mjini."

Ananificha. Maskini, ananificha.

"Mjini bila viatu?" Mama anasema. "Si vile pale mlangoni?"

Wanavitazama viatu vyangu wote. Hata mkaguzi.

"Mkwe wangu!" Anaita. Ameweka mkono kwenye gunia lake, kidau cha wino kwenye mkono wa pili, anageuka huku na huku ananitafuta. Uso wake una hofu kidogo, na bado ananiamini. "Mkwe wangu, njoo uwaambie!"

Muhuri nauacha hapa, juu ya mizani.

Nakuja, Mama —